Uso wa Mama Balagizi

Louisville, Kentucky
12 Oktoba 2014

Yaya Balagizi,

Kaka yangu, pokea salamu zangu, za mume wangu Salomon na za watoto. Huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu, ila miguu inanisumbua kwa ajili ya kusimama. Natumaini na wewe u mzima, na ule mgongo ulioumia kazini umepata nafuu. Anwani yako nimepewa na Shangazi Cibalonza. Usimkasirikie, nilimsumbua mwezi mzima. Naandika barua kwa sababu simu unaikata. Barua huwezi kuikata, unaweza tu kuitupa, na kabla hujaitupa utakuwa umeshasoma mistari miwili mitatu.

Mimi sasa natunza wazee majumbani mwao. Nyumba zangu ni tatu, na ya mwisho ndiyo inayonifanya nikuandikie. Ni ya mzee wa Meksiko, anaitwa Eleuterio, ana miaka themanini na mbili. Ni mchoraji na mchongaji. Sebuleni hakuna kiti kisicho na kichwa cha mtu au mguu wa farasi juu yake. Namwogesha, nampikia, nampa dawa, na katikati ya hayo ananisimulia maisha yake. Kiingereza chake kibovu na changu kibovu, kwa hiyo tunaelewana vizuri.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipopelekwa kwa fundi wa kuchonga watakatifu wa kanisani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa vidole. Miaka miwili anachonga vidole tu, vya watakatifu ambao nyuso zao alikatazwa hata kuzigusa.

Bon, nisikuchoshe. Shangazi anataka tumalize kilio cha Mama mwakani, mwezi wa saba, kwake Reynoldsburg, ili ndugu wa Columbus wote wafike. Itakuwa miaka minane. Tatizo lake ni picha. Aliniambia, "Nsimire, tutafanya je kilio bila foto? Batu batalilia nini, rido ya dirisha?" Wewe unajua, picha zote ziliungua na nyumba. Hapa duniani hakuna hata moja ya Mama, hata ya kadi ya uchaguzi.

Siku moja mzee aliniuliza mama yangu yuko wapi. Nikamweleza. Akasema, nipe uso wake kwa maneno, nitautengeneza kwa udongo, lakini ufanye haraka kwa sababu mikono hii haitanisubiri.

Yaya, nilijaribu. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaenda zangu Bukavu. Kila nikimtafuta Mama kichwani naona uso wangu mwenyewe wa kwenye kioo. Wewe ulikaa naye mpaka mwisho. Ulimwona wewe, basi, hakuna mwingine. Lile swali nililokuuliza kwenye simu, kwamba ulimwacha wapi, leo sikuulizi. Nakuomba uso wake tu.

Mdogo wako,
Nsimire
(Namba yangu ya simu ni ileile.)


Buffalo, New York
23 Novemba 2014

Mdogo wangu Nsimire,

Salamu kwako, kwa shemeji Salomon na kwa watoto. Mimi ni mzima kiasi. Mgongo uko palepale.

Barua yako ilifika zamani. Nimeijibu leo kwa sababu theluji imefunga barabara na hatujaenda kazini. Nafanya kazi kwenye depo ya vyakula vya barafu. Ndani baridi, nje baridi. Jioni nikifika nyumbani nalala na soksi, na nikiamka naona sikulala. Donc usidhani nilikudharau.

Hilo jambo la udongo sikulipenda. Nilimwuliza Pasta Ezéchias, akaniambia sanamu ni sanamu, Mkristo hana haja nayo. Tulipotoka kanisani akanifuata mpaka kwenye kituo cha basi, akauliza kwa sauti ya chini kama huyo mzee angeweza kumtengenezea na mama yake.

Mama alikuwa na uso mrefu. Macho yameingia ndani. Pua ya kwao, unaijua, Shangazi alikuwa akiicheka. Mwanya meno ya mbele. Masikio madogo. Shingo ndefu. Mashavu hayakuwepo, yalikwisha tulipokuwa wadogo. Ndiyo hayo.

Usiniulize mengine.

Kaka yako,
Balagizi


Louisville
14 Desemba 2014

Yaya Balagizi,

Salamu nyingi. Nimefurahi kuona mwandiko wako, bado unaandika herufi zimelala kama alivyotufundisha Baba. Sisi tuko wazima, watoto wana mafua. Kwako je, theluji imepungua? Mgongo utafute daktari, usijifanye kijana.

Nilimtafsiria mzee kila neno lako. Alifanya kazi siku tisa, nusu saa nusu saa, maana mikono inatetemeka na ananituma nimshikie mkono wa kulia kwenye kiwiko. Siku ya kumi akatoa kitambaa akasema, haya, msalimie mama yako.

Yaya, ulikuwa uso mzuri. Uso mrefu, mwanya, macho ndani, kila kitu kipo. Na hakuwa Mama. Alikuwa mwalimu wa shule fulani, au mke wa afande, mtu wa mjini aliyelala vizuri maisha yake yote. Nilitaka kudanganya nimshukuru, lakini machozi ya aibu yalinitoka, naye akaelewa. Hakukasirika. Akasema kuna kitu nyinyi wawili mmekificha, na inawezekana hata nyinyi wenyewe hamjui kwamba mmekificha.

Namhurumia. Alipoacha watakatifu alikwenda mji mkuu wao kuchora kuta za serikali. Ukuta wake mkubwa kuliko wote ulikuwa wa chama cha wafanyakazi, watu mia mbili juu yake, kila mmoja na uso wake. Alitumia miaka minne. Kikaja chama kingine madarakani wakaupaka chokaa asubuhi moja. Baada ya hapo alikuja huku, tajiri wa farasi alipomwita, akatengeneza farasi mmoja wa shaba, matajiri wengine wakamtamani. Akachonga farasi miaka thelathini. Aliniambia, nimelisha watoto kwa farasi, lakini sijawahi kumpenda farasi hata mmoja. Alisema hivyo akinywa supu, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Wiki iliyopita alilazwa hospitali siku nne. Amerudi mwembamba. Udongo bado tunauweka chini ya kitambaa kibichi ili usikauke, kwa sababu ukikauka hauguswi tena. Kila jioni naulowesha kabla sijaondoka.

Fikiri tena, tafadhali. Alikaaje? Alikutazamaje alipokuwa amechoka nawe? Kitu chochote.

Mdogo wako,
Nsimire


Buffalo
8 Februari 2015

Mdogo wangu Nsimire,

Salamu kwa wote. Nilikwenda kwa daktari, usiseme sisikii. Ameniambia nisinyanyue vitu vizito, nikamwuliza kama anajua depo ni nini.

Nilisema usiniulize mengine, ukauliza, na tangu siku hiyo sipumziki. Niko kwenye mapumziko ya chakula, wenzangu wanatazama mpira, mimi natafuta uso. Nilichukua kipande cha katoni nikajaribu kuchora. Mimi sijui kuchora, wewe unajua, hata mbuzi wangu shuleni alikuwa na miguu mitano. Nimechora mara sita. Hii ya sita nimeiweka humu, usicheke.

Huo mstari unaopita kwenye paji la uso si kosa la kalamu. Ni pale pa mugozi, mkanda wake wa mizigo. Kila nilipomchora bila huo mstari alikuwa mtu mwingine, nikiuweka anarudi. Unakumbuka pale palikuwa pamebonyea, hata akiwa amevaa kitambaa cha kanisani unapaona. Kidole kililala mle ndani.

Kwa nini hatukusema? Nadhani ni kwa sababu mama wa kila mtu alikuwa na alama hiyo. Nilikuwa mkubwa ndipo nikajua kwamba kuna wanawake wenye paji la uso lililo sawa.

Kaka yako,
Balagizi


Louisville
1 Machi 2015

Yaya wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Tuko wazima. Leo sitauliza mgongo kwanza, nitauliza mwisho.

Nilimpelekea mzee katoni yako. Aliiangalia muda mrefu akaniuliza mstari huu ni nini. Nikamweleza kwamba kwetu mwanamke anabeba mzigo mgongoni, na mkanda wa mzigo, mugozi, unapita kwenye paji la uso, na kwamba Mama alibeba mihogo, makaa na mchanga wa kujengea tangu akiwa msichana, mpaka mfupa ukashika alama. Hakuniacha nimalize. Alijishika paji la uso, akaanza kulia, mzee wa watu, na mimi nikadhani ni moyo, nikashika simu niite ambulansi.

Haikuwa moyo. Kumbe na kwao mugozi upo. Baba yake alikuwa mchukuzi wa vyungu. Alivibeba mgongoni kwa mkanda wa kupita kwenye paji la uso, siku mbili za mlima mpaka sokoni, na alikuwa na shimo hilohilo. Mwanaume, Yaya. Kwao wanabeba wanaume. Mzee aliniambia, nilipokuwa kijana mji mkuu nilimwonea aibu baba kwa ajili ya hiyo alama. Nilichora watu mia mbili kwenye ule ukuta na sikumweka yeye. Nikachonga farasi wote wale, na yeye aliyenibeba sikumchonga, na sasa uso wake nimeusahau, nimebaki na hilo shimo tu.

Kisha akaniambia nimshike kiwiko. Akatia kidole gumba kwenye udongo, hapa juu ya nyusi, akakivuta polepole kutoka sikio mpaka sikio. Akakunja kidogo nyama ya macho chini yake. Haikuchukua hata dakika tano.

Mama aliingia nyumbani. Sina namna nyingine ya kusema. Nilimwambia "jambo Mama" kabla sijajua kwamba nimesema. Uchovu wake wote ulikuwa pale, na ile hasira yake ya kimya. Nilikaa chini sakafuni, mzee akakaa kwenye kiti chake, hatukufanya kazi nyingine siku ile.

Kwa hiyo uso nimeupata, na ni wewe uliyenipa. Nakushukuru, na nimefanya kosa la kutaka zaidi. Kilio ni tarehe 25 Julai. Watu watauliza, mimi mwenyewe ninauliza, Mama alikufa siku gani na alilala wapi. Miaka minane unasema "alipumzika njiani". Njia ni ndefu, Yaya. Niambie ni wapi.

Na mgongo je?

Mdogo wako,
Nsimire


Louisville
10 Mei 2015

Yaya,

Salamu. Natumaini hujaugua. Hujajibu wiki kumi.

Mzee Eleuterio alifariki tarehe 19 Aprili, Jumapili, nikiwa kanisani. Mtu wa zamu nyingine ndiye aliyemkuta. Gazeti la hapa liliandika habari zake: farasi arobaini na mmoja wa shaba, na majina ya matajiri walio nao. Ule ukuta waliuandika mstari mmoja. Mama hakuandikwa, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho, naijua kwa sababu nilikuwa nimeshika kiwiko.

Binti yake alitoka Texas kuja kufunga nyumba. Nilikuwa na hofu atakichukua kile kichwa pamoja na vingine, mimi ni mfanyakazi tu, nitasema nini. Alikitazama akaniuliza, huyu ni nani? Nikamjibu ni mama yangu. Hakuuliza tena. Alimpigia mwanafunzi wa zamani wa baba yake, anayefundisha chuoni, wakakitia kwenye tanuri lao. Nilikuwa naomba kisipasuke. Hakikupasuka. Nilikipakata ndani ya basi, ni kizito, mapaja yaliniuma siku mbili, na mama mmoja Mmarekani alinipisha kiti.

Sasa Mama yuko juu ya friji, watoto wasimwangushe. Shangazi amekwisha kukodi viti.

Nimechoka, Yaya. Nimechoka kukuuliza na nimechoka kunyamaza. Kama hutaki kuja, andika kwamba hutaki, nijue.

Mdogo wako,
Nsimire


Buffalo
21 Juni 2015

Nsimire,

Nakusalimu, mdogo wangu. Pole kwa mzee wako. Wasalimie watoto.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliisoma nusu. Ulipoandika kwamba baba yake yule mzee, mwanaume, alibeba kwa paji la uso, niliiweka chini. Nimekuwa naichukua na kuiweka tangu siku hiyo. Leo namaliza.

Tulitoka Nindja alfajiri, kijiji kizima, tukikimbilia Walungu. Mama mguu ulikuwa umevimba, unakumbuka ule wa kushoto. Alitembea mpaka saa nne, halafu hakuweza. Nikambeba mgongoni, mikono nyuma kama mtu anayembeba mtoto. Alikuwa mwepesi lakini njia ni ya kupanda. Mugozi wake alikuwa ameufunga kiunoni. Aliniambia, "Balagizi, vala mugozi, mutoto yangu. Mikono itachoka." Nikamwambia anyamaze. Akarudia. Alinieleza namna ya kumfunga, hapa chini ya mapaja, hapa juu, atakaa kama kwenye kiti, mikono yangu itakuwa huru.

Nilikataa. Mbele yetu walikuwa vijana wote tuliokua nao, na nyuma ilikuwa familia ya Nyirangabo, ambayo nilikuwa nimeipelekea posa miezi miwili kabla. Mwanaume mwenye mugozi kichwani, wewe unajua wangemwitaje kwetu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Watu wanakimbia kufa, na mimi nafikiria watanichekaje.

Mikono ilichoka, kama alivyosema. Tulibaki nyuma, wote wakatupita, hata akina Nyirangabo, hakukuwa na wa kunicheka tena. Hata hapo sikuvaa, kwa sababu kuvaa wakati huo kungekuwa kukubali kwamba ningevaa tangu mwanzo. Jioni risasi zikaanza kwenye kilima cha nyuma. Nilimtua ndani ya migomba. Nikamwambia natafuta mtu wa kunisaidia. Alinitazama tu, ule uso uliouona kwa mzee wako ndio huo. Nikakimbia.

Nilirudi kesho yake mchana. Hakuwepo. Wanawake wa pale waliniambia wamezika watu watatu pamoja karibu na kanisa la Wakatoliki, mmoja ni mama mzee mwenye kitenge cha kijani. Mama alivaa kijani. Nilisimama pale, sikuweka hata jiwe. Ilikuwa mwezi wa tano, tarehe 17 au 18.

Ndivyo ilivyokuwa. Ungeniuliza kama mama yangu aliuawa na wanajeshi ningesema ndiyo. Lakini mimi najua ningevaa ule mkanda tungefika Walungu kabla ya giza. Kwenye depo nabeba maboksi ya watu nisiowajua kuanzia asubuhi mpaka jioni, sichagui, sioni aibu.

Kwenye kilio sitafika. Si kwamba sitaki. Siwezi kukaa mbele ya uso huo na watu wananipa pole.

Kaka yako,
Balagizi


Louisville
5 Julai 2015

Yaya Balagizi,

Salamu zetu sote. Nimesoma barua yako mara nne, mara ya kwanza nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta.

Nitasema ukweli kwa sababu na wewe umesema. Nilikasirika mpaka nikavunja sahani. Siku mbili sikutaka kusikia jina lako, na Salomon alipolitaja nilimfokea, maskini. Aibu ya mugozi. Ningekuwa karibu ningekupiga, mimi mdogo wako.

Kisha nikamteremsha Mama kutoka juu ya friji nimfute vumbi, nikamweka mezani, nikakaa naye. Nilitaka kumsomea barua yako nikaona upuuzi, yeye alikuwepo. Sijui angesema nini. Najua mimi nasema nini: miaka minane umekuwa ukila peke yako, unalala na soksi, unakata simu. Adhabu hiyo hakukupa yeye wala mimi. Na mimi sina nguvu ya kukuongezea nyingine. Siwezi kuandika kwamba si kitu, ni kitu. Lakini nimechoka kuwa na kaka aliye hai ambaye nimemzika.

Sasa nisikilize. Tutaondoka hapa Louisville Ijumaa tarehe 24, tutalala kwa Shangazi. Jumamosi saa nne asubuhi watu watakuwa wamekaa ukumbini, Reynoldsburg, Shangazi atakuandikia anwani. Meza iko mbele, maua yapo, hapo katikati ni pake. Mama atakuwa ndani ya gari, kiti cha nyuma, nimemfunga mkanda wa gari na kumzungushia blanketi.

Mimi simtoi. Salomon nimemkataza. Vijana wa kanisa watataka kusaidia, nimemwambia Shangazi mtu asiguse mlango wa lile gari. Wewe ndiye mzaliwa wa kwanza, yeye anaitwa Mama Balagizi, haitwi Mama Nsimire. Utakuja umtoe, umbebe mpaka mezani. Ni hatua kama hamsini. Ni mzito na mgongo wako ni mbovu, kwa hiyo usitumie mikono mitupu, sijali utambeba kwa namna gani wala nani anatazama.

Usipokuja, watu watakaa kwenye viti vya Shangazi wakitazama meza yenye maua. Tutaimba, tutakula wali, tutarudi Louisville naye, na kilio hakitakuwa kimekwisha. Sitakuandikia tena kukuuliza.

Mdogo wako,
Nsimire


Ujumbe wa simu
Jumamosi, 25 Julai 2015, saa nne na dakika arobaini

Nsimire nimefika. Niko hapa inje, mu parkingi. Gari yenu ni gani?
Yaya yako